KANSA YA TITI: MGONJWA ANA NENO LA KUSEMA



Ukurasa huu umezoea kuwapa habari za kofia ya kazi, mavumbi ya mawe, zebaki na maji safi. Leo tutazungumza juu ya matiti. Baba, usigeuze ukurasa. Jambo hili linakuhusu. Kwanza, karibu mgonjwa mmoja katika kila wagonjwa 100 wa kansa ya titi ni mwanaume. Pili, katika nyumba nyingi hapa Bunia mama hapandi pikipiki kwenda hospitalini mpaka baba atoe fedha, na fedha haitoki mpaka baba aamini kwamba ugonjwa ni ugonjwa kweli.

Kansa ni nini? Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana ambazo macho hayazioni. Kila chembe inajua kazi yake, na inajua wakati wa kuacha kuzaa nyingine. Kansa inaanza pale chembe moja inapokataa amri, ikazaa nyingine zilizo kaidi kama yenyewe. Mwanzoni zinakaa mahali pamoja kama kivimbe kigumu. Baadaye zinasafiri kwapani, mifupani, mapafuni, kwenye ini. Na mwanzoni kivimbe hicho mara nyingi hakiumi. Hapo ndipo kinapotudanganya sisi watu wa kazi, kwa maana tumezoea kwamba kitu kibaya lazima kiume. Jiwe likikuangukia mguuni unalia papo hapo. Kansa haina adabu hiyo.

Kwa hiyo, mama, kivimbe kisichouma ndicho kikulete upesi. Njoo pia ukiona ngozi ya titi imekuwa kama ganda la chungwa, au imevutwa ndani, au chuchu iliyokuwa nje imeingia ghafla, au inatoa damu, au ina kidonda kisichopona. Vivimbe vingi si kansa, jueni hilo, msije mkalala bila usingizi bure. Lakini hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa macho tu kwamba hiki si kansa. Wala mimi, wala jirani yako, wala mganga wa kienyeji.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Mama mmoja alikuja dispanseri titi likiwa limepasuka. Nilimwuliza lilianza lini. Hakujibu kwa mdomo. Alifungua kitambaa akatoa karatasi sita za vituo mbalimbali. Alikuwa anamnyonyesha mtoto alipoanza kuuguza, na kila karatasi iliandika dawa ya usaha, kana kwamba maziwa yameganda. Hakuna hata moja iliyoandika kwamba mtu alimgusa kwapani. Watu wa kambini walikuwa wakimsema kwamba amechelewa kwa sababu ya ujinga. Karatasi zake zilisema habari nyingine kabisa: yeye alikwenda mapema, akacheleweshwa.

Je, hii ni bahati mbaya ya mtu mmoja? Hapana. Katika nchi jirani ya Rwanda watafiti waliwauliza wagonjwa 144 wa kansa ya titi waliofika katika hospitali mbili za vijijini, mojawapo ikiwa Butaro, ambayo ina kituo cha kansa tangu mwaka 2012. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Nusu ya wanawake wale walikuwa wamekaa miezi 15 au zaidi tangu dalili ya kwanza mpaka kuambiwa ugonjwa wao. Walipogawanya muda huo, ilionekana kwamba mama kwa kawaida alikawia nyumbani miezi 5, kisha, baada ya kufika kwa wauguzi, akakawia miezi mingine 5 mikononi mwa watu wa afya. Waliomwendea kwanza mganga wa kienyeji walikawia zaidi nyumbani. Lakini hata waliokuja kwetu, wengine waliingia vituoni mara tano na zaidi kabla ya mtu kuwaelekeza njia.

Fikirini jambo hilo. Kama watafiti wasingewauliza wagonjwa wenyewe, lawama yote ingebaki kwa mama. Tungetengeneza matangazo ya kumwambia aje mapema, na angekuja mapema, na angepewa dawa ya usaha mara sita. Kwa kuwa waliwauliza, Rwanda ilijua mahali pa kutia nguvu. Katika wilaya ya Burera wauguzi wa vituo vidogo walifundishwa kupima titi na kwapa kwa mikono, na kujua ni nani apelekwe mbele. Vituo vilivyofundishwa vililinganishwa na vile ambavyo bado havijafundishwa, na kansa zilizokamatwa mapema zilikuwa nyingi zaidi upande wa waliofundishwa. Hakuna mashine kubwa iliyonunuliwa kwa kazi hiyo. Mikono ya muuguzi ilitosha.

Huko mbali, mapigano ya namna hii ni ya zamani. Marekani, mpaka miaka ya 1970, mwanamke mwenye kivimbe alilazwa kwa dawa ya usingizi bila kujua kama ataamka na titi au bila titi. Daktari alikata kinyama, akakitazama papo hapo, na akiona kansa alikata titi lote na misuli ya kifua. Mwaka 1974 mwandishi wa magazeti, Rose Kushner, alipata kivimbe akakataa. Alisema: pimeni kwanza, niamsheni, nijue, kisha nitasema nataka nini. Walimwona mkaidi. Mwaka 1979 baraza la wataalamu lililoitwa na serikali yao, yeye akiwa mmoja wa wajumbe, lilikubali kwamba kupima na kukata viwe mambo mawili. Miaka michache baadaye, mwaka 1985, utafiti wa daktari Bernard Fisher ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi kutoa kivimbe na kuongeza mionzi kunawaacha hai sawa na kukata titi lote. Kumbe ukaidi ule ulikuwa na akili.

Mwaka 1991 wanawake wa nchi hiyo hiyo waliunda muungano wa taifa wa kupigania jambo la kansa ya titi. Mwaka 1992 bunge lao lilitoa dola milioni 210 kwa utafiti, tena kupitia wizara ya jeshi. Tangu wakati ule, katika mpango huo, wagonjwa waliopona wanakaa mezani pamoja na maprofesa kuamua ni utafiti gani upewe fedha. Msomaji wa machimbo ataelewa jambo hili haraka. Ni sawa na kumweka mchimbaji katika kamati ya usalama. Injinia anajua hesabu za nguzo, lakini ni mchimbaji anayesikia mwamba ukilia.

Na kwetu Afrika? Msifikiri wanawake wamekaa kimya. Kampala, tangu mwaka 2004, kuna chama cha akina mama waliougua kansa, kinaitwa UWOCASO. Wanawatembelea wagonjwa, wanawafundisha wauguzi, wanaketi na watafiti, wanaiambia serikali yao ukweli. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa Mulago, iliharibika kabisa. Mashine hiyo ilikuwa ikiwahudumia pia wagonjwa waliovuka mpaka kutoka kwetu Kongo, kutoka Rwanda na Sudani ya Kusini. Kelele za wagonjwa na vyama vyao ziliingia magazetini na bungeni. Mashine mpya ilianza kazi mwanzoni mwa mwaka 2018. Karibu miaka miwili! Mwenye fedha alikwenda Nairobi. Asiye na fedha alirudi nyumbani.

Hii ndiyo ninayoiita haki. Kansa haimwulizi mtu cheo chake, lakini matibabu yanauliza. Kuanzia mwaka 2014 utafiti mkubwa uliwafuata wanawake zaidi ya 2,000 wenye kansa ya titi katika Uganda, Zambia, Nigeria, Namibia na Afrika ya Kusini. Waliwapigia simu kila miezi mitatu. Baada ya miaka mitatu, kwa jumla nusu yao tu walikuwa hai. Nchini Namibia wanawake weupe walikuwa hai 90 katika kila 100. Weusi wa nchi ile ile, 56. Uganda, 44. Ugonjwa ni ule ule. Kilichotofautiana ni umbali wa hospitali, elimu, mfuko, na siku ya kuanza matibabu.

Watafiti hao waliuliza pia swali ambalo wagonjwa wenyewe huliuliza usiku: watoto wangu je? Walihesabu. Kwa kila wanawake 100 walio chini ya miaka 50 waliokufa kwa ugonjwa huo, watoto 210 na zaidi walibaki bila mama. Baba, hesabu hiyo isome mara mbili kabla ya kusema fedha ya safari haipo.

Nasikia wengine wakisema: utafiti, utafiti, mwisho wake wanatutumia kama panya. Siwacheki watu hao. Katika nchi hii, wakati wa utawala wa Wabelgiji, watu walipangwa mstari wakachomwa sindano au kupewa matone bila kuulizwa kama wanataka. Kumbukumbu hiyo haijafutika, na wazee wetu hawakosi sababu ya kuwa na mashaka. Lakini tazameni pia upande wa pili. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kuingia Ituri yetu, dawa nne zilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina kwa wagonjwa 681. Moja ya dawa mbili zilizoshinda ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, kazi ambayo daktari wetu Muyembe aliisimamia. Hiyo ni zawadi ya mgonjwa Mkongomani kwa dunia nzima. Watu wengi waliogopa vituo vile, na kwa maoni yangu si kwa sababu ya ujinga. Magari na mavazi yalifika kijijini kabla ya maelezo.

Kwa hiyo ukiitwa katika utafiti, wa kansa au wa ugonjwa wowote, usikatae kwa woga na usikubali kwa haya. Madaktari wa dunia walikubaliana tangu mwaka 1964, mjini Helsinki, kwamba mtu hafanyiwi utafiti bila ridhaa yake. Basi uliza, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kwako, mpaka uelewe: mnatafuta nini? Kuna hatari gani? Damu yangu na kinyama changu vitawekwa wapi, na nani ataviona? Nikikataa, je, nitaendelea kutibiwa? Jibu la swali hilo la mwisho lazima liwe ndiyo. Unaweza pia kuacha katikati, bila adhabu. Na uliza swali ambalo wengi hulisahau: dawa hii ikionekana nzuri, sisi wa Bunia tutaipata? Kuna dawa moja ya kansa ya titi, trastuzumabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998. Shirika la Afya Duniani, OMS, liliitia katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2015. Miaka 17 katikati, na hata sasa bei yake ni mlima kwa mfanyakazi. Huko Uingereza walifanya utafiti kwa wanawake zaidi ya 4,000 kuuliza kama miezi 6 ya dawa hiyo inaweza kutosha badala ya 12. Mwaka 2018 walitangaza kwamba inakaribia kuwa sawa kabisa. Swali kama hilo, la kupunguza, mwuza dawa hana haraka ya kuliuliza. Mgonjwa analo.

Tuje kwenye mambo ya kazi, kwa maana barua nyingi za wasomaji zinauliza hayo.

Zebaki inaleta kansa ya titi? Utafiti haujaonyesha hivyo. Zebaki inaharibu ubongo, figo na mtoto aliye tumboni, na hayo yanatosha kutukataza kuichoma jikoni. Kazi ya usiku je? Hapa kuna neno. Mwaka 2007 kamati ya OMS ya kansa, iliyoko Lyon, Ufaransa, ilisema kazi ya zamu inayovuruga usingizi huenda inaleta kansa, na mwaka 2019 ikarudia. Danemark ililipa fidia karibu wanawake 40 waliougua kansa ya titi baada ya miaka mingi ya kazi ya usiku. Sisemi kwamba mama anayelinda ghala au anayefanya kazi ya usiku hospitalini ataugua. Nasema miaka ya zamu za usiku iandikwe katika kitabu chake cha afya, na wajumbe wa wafanyakazi walitie jambo hilo katika mazungumzo yao na wakubwa wa kazi.

Wengine mmefundishwa kujipima kila mwezi, siku fulani, kwa kuzungusha vidole. Huko Shanghai, China, jambo hilo lilijaribiwa kwa wanawake wafanyakazi wa viwanda vya nguo, zaidi ya 266,000. Mwaka 2002 walitoa jibu: waliofundishwa kujipima walikufa kwa kansa ya titi sawa na wasiofundishwa, na walipata upasuaji mwingi wa vivimbe visivyo kansa. Kwa hiyo sitawachosha kwa kalenda. Ujue titi lako kama unavyojua mkono wako, na likibadilika uje. Kupimwa na mtu aliyefundishwa ni jambo lingine. Mumbai, nchini India, akina mama wa kawaida waliosoma sekondari walifundishwa kazi hiyo wakazunguka mitaani kwa miaka mingi. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kansa zilikamatwa zikiwa ndogo, na kwa wanawake wa miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu sehemu 30 katika 100. Kwa maoni yangu kambi zetu zinaweza kuwa na akina mama kama hao. Ninasema hivyo hapa, mbele ya wakubwa, wapate kusoma.

OMS iliweka mwaka 2023 kipimo ambacho kila mama anaweza kukishika kichwani. Tangu siku ulipoonyesha kivimbe kwa muuguzi mpaka siku ya kuambiwa jina la ugonjwa zisipite siku 60. Andika tarehe ya siku ya kwanza. Ukipewa dawa ya usaha na baada ya wiki mbili au tatu hakuna nafuu, usirudie dawa ile ile. Sema: naomba nipelekwe kwa daktari wa upasuaji. Hapa mjini tuna Hospitali Kuu na CME. Wa upande wa Irumu wanajua njia ya Nyankunde.

Wakikata kinyama cha kupima, usione haya kuuliza. Kimewekwa ndani ya formoli? Kikiwekwa katika maji au kikiachwa kikavu kinaoza, na safari yote ni hasara. Kinakwenda maabara gani? Jibu linarudi lini, na nani atanipigia simu? Jibu likisema ni kansa, uliza tena: wamepima vipokezi vya homoni? Maana kuna kidonge kinachoitwa tamoksifeni, cha bei nafuu kuliko dawa nyingi za kansa, kinachomezwa kimoja kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Kinamsaidia sana mama ambaye kansa yake ina vipokezi hivyo. Kwa yule ambaye haina, hakifai kitu. Bila kipimo daktari anapiga ramli tu.

Na kama mmekata shauri kwenda Kampala, kwenye Taasisi ya Kansa ya Uganda, iwe kwa barabara ya Mahagi au kwa ziwa kutoka Kasenyi, msiondoke mikono mitupu. Wengi wanafika Mulago na kuanza upya vipimo walivyokwisha kulipa Bunia. Chukueni jibu la maabara, picha zote, barua ya daktari yenye majina ya dawa na tarehe, na muombe maabara kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa katika nta. Huko watakihitaji. Karatasi zetu zimeandikwa Kifaransa, nao wanasoma Kiingereza. Tafuteni mwalimu wa shule awafasirie kabla ya safari, kisha wekeni nakala moja nyumbani. Aende pia ndugu mmoja anayejua kuandika, akae karibu na mama ndani ya chumba cha daktari, aandike kila neno, na mahali ambapo mama hakuelewa, amsaidie kuuliza tena.